MIZIGO YA MTU AENDAYE NCHI YA UGENI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano uliofanyika Magoma, Wilaya ya Korogwe. Yapigwa chapa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao kazi haikuwapa nafasi ya kuja.)



 Katibu alipotuandikia kutuomba tuseme juu ya safari tulisita, kwa kuwa katika chama hiki wamo wazee wetu waliosafiri kuliko sisi. Lakini barua yake ilikuwa na habari moja iliyoondoa kusita kwetu, nayo ni kwamba mwaka huu watu watatu wa bonde letu la Lwengera wamo katika matayarisho ya kuvuka mipaka. Mmoja ni karani mwenzetu, aendaye Uskoti kwa masomo ya mwaka mmoja. Wa pili ni mwalimu, aendaye Ujerumani kwa miezi mitatu. Wa tatu ni binti wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka 22, aendaye Maskati kufanya kazi za nyumbani.

Wote watatu wanauliza swali moja: Nichukue nini? Na kila mmoja amekwisha kupewa majibu mengi yasiyopatana. Mjomba asema chukua unga, shangazi asema chukua dawa, rafiki asema usichukue kitu, huko kila kitu kipo. Basi twaomba ruhusa tuyapange maneno haya kama tupangavyo majalada afisini, kila jambo mahali pake, ili msafiri ajue lipi la kwanza na lipi la mwisho.

WALIOTUTANGULIA

Kusafiri si jambo jipya kwa watu wa upande wetu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Dr. Bumiller mpaka Urusi na Siberia, na habari za safari hiyo zilipigwa chapa mwaka 1901 katika kitabu alichokikusanya Carl Velten, kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Akaoa huko mke wa Kidachi. Mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe, serikali ya wakati ule haikukubali mke huyo ashuke pwani, na mume akalazimika kurudi naye Ujerumani. Alifia huko mwaka 1927.

Na katika makarani, nani asiyelijua jina la Martin Kayamba? Ndiye aliyekuwa mbele katika kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Twayataja majina haya kwa sababu mbili. Habari ya Mtoro yatufundisha kwamba karatasi za kurudia zina uzito sawa na karatasi za kuendea. Habari ya Kayamba yatufundisha kwamba mzigo mkubwa wa msafiri ni lile alilotumwa kulifanya. Hakwenda London kuonyesha suti, alikwenda kusema neno lililowahusu watu wengi waliobaki nyumbani, na aliporudi aliwapa habari.

Hata mkonge huu uliotuzunguka hapa Magoma ni msafiri. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, nchi ya Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Nchi nzima ikaja kujaa mkonge kutokana na miche hiyo 62. Basi msafiri asijisumbue na wingi wa vitu aanzavyo navyo. Ajiulize vingapi vitafika vikiwa vizima, na vikifika vitafaa nini.

JAMBO LA KWANZA: KARATASI

Hapa yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka minane iliyopita tulipata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mafunzo ya miezi tisa. Tulikuwa na umri wa miaka 27, na hatukuwa tumepata kuvuka mpaka wowote. Tulikuwa na mizigo miwili, sanduku kubwa la kutiwa chini ya ndege, na mkoba wa mkononi. Vyeti vyetu vyote vya asili tulivitia katika sanduku kubwa, katikati ya nguo, tukidhani hapo ndipo penye usalama. Koti tulilitia humo humo, kwa kuwa siku ile Dar es Salaam kulikuwa na joto kali na tuliona haya kulishika mkononi. Katika mkoba tulitia nyama ya kukausha aliyotutengenezea mama.

Tulifika mwezi wa Januari. Sanduku halikufika. Lilipotea njiani kwa siku sita. Chuoni tulipofika, karani wa pale, mtu mpole sana, alituambia kwamba hawezi kutuandikisha mpaka avione vyeti vya asili kwa macho yake. Na asiyeandikishwa hapewi chumba. Hatukumlaumu. Sisi wenyewe, tukiwa katika meza zetu hapa, ni mara ngapi tumemwambia mtu wa Mashewa au wa Kerenge arudi kwao akalete cheti cha asili? Siku ile tulionja upande wa pili wa meza.

Kilichotuokoa ni kipande kimoja cha karatasi. Ndugu mmoja wa Muheza, aliyekuwa akiishi mji ule, namba yake tulikuwa tumeandikiwa na kaka yetu katika kijikaratasi tulichokitia mfukoni mwa shati. Simu yetu ilikuwa imekwisha moto, na namba zote zilizokuwa ndani yake hazikuwa na faida. Tuliomba simu ya mtu, tukasoma namba katika kijikaratasi kile. Yule ndugu akaja na koti la pili mkononi. Tukalala sakafuni kwake usiku sita.

Basi amri ya kwanza ni hii: karatasi hazitengwi na mwili wa msafiri. Nunueni faili la plastiki lenye kufungika, litieni katika mkoba wa mkononi, na ndani yake muwe na mambo haya:

Pasi ya kusafiria. Idara yetu ya Uhamiaji ilianza kutoa pasi za elektroniki mwaka 2018. Tazameni tarehe ya mwisho wa pasi, kwa sababu nchi nyingi hazimpokei mtu ambaye pasi yake imebakiwa na muda usiofika miezi sita.

Viza, barua ya mwaliko au ya chuo, na barua ya mwenye kugharimia safari. Karani wa serikali asisahau kibali cha mwajiri cha kusafiri nje ya nchi, maana asiyekuwa na kibali huenda akazuiwa kabla hajaondoka, au akakosa mshahara akiisha kuondoka.

Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya kazi, na cheti cha ndoa kwa aliyeoa au aliyeolewa. Vyeti vya asili viwe katika mkoba. Vivuli vyake viwe sandukuni. Vivuli vingine vibaki nyumbani kwa mtu ajuaye kusoma, na picha zake zitumwe katika barua pepe yako mwenyewe, ili hata ukipoteza vyote uweze kuvifungua katika chombo cha mtu mwingine.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo hukubaliwa kwa maisha yote ya mtu, lakini kadi huanza kuwa na nguvu siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Basi asingoje wiki ya mwisho. Na mwenzetu wa Uskoti, kwa kuwa atakaa zaidi ya miezi sita, akumbuke kipimo cha kifua kikuu, ambacho Uingereza hukitaka kabla ya kutoa viza ya muda huo.

Mwisho, karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye namba za watu watatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kule uendako, na ya ubalozi wetu. Wino haumalizi moto.

JAMBO LA PILI: NGUO

Mtu wa Magoma aujua ubaridi kwa jina. Mtu wa Lushoto aujua kidogo katika mwezi wa Julai. Lakini ubaridi wa Ulaya una tabia nyingine, yaani haukuachi adhuhuri. Katika mji wa Edinburgh, mwezi wa Desemba, jua huchomoza yapata saa 2 na dakika 40 asubuhi, nalo huchwa yapata saa 9 na dakika 40 alasiri. Sisi ambao jua letu hufuata saa 12 kwa saa 12 karibu mwaka mzima, jambo hilo hutuingiza huzuni bila ya kujua sababu yake. Msafiri ajue mapema kwamba huzuni hiyo si uchawi wala si ugonjwa wa kuaibisha. Atoke nje wakati wa mwanga, atembee, asijifungie chumbani.

Kuhusu mavazi, usitafute nguo moja nene, tafuta nguo nyingi nyembamba zivaliwe moja juu ya moja: fulana ya ndani ishikayo mwili, shati, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala mvua. Ukiingia nyumba yenye moto wa kupashia utavua moja moja. Soksi za sufu jozi sita, viatu vya ngozi visivyonywa maji, kofia na glavu. Wala haina haja ya kutumia mshahara wa miezi miwili. Nendeni soko la mitumba la Korogwe, mkatazame chini ya rundo. Makoti mazito ya Ulaya yamejaa pale, nayo huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu hakuna ayavaaye hapa. Koti lililovuka bahari kuja kwetu litarudi kwao juu ya mabega ya Msambaa, na hapana aibu yoyote.

Koti hilo, tafadhali, livaeni au lishikeni mkononi. Watu wa Dar es Salaam wakicheka, wacheni wacheke. Wao hawaendi.

Na chukueni vazi moja la kwetu lililo safi. Kwa bwana, kanzu na kofia, au shati la kitenge. Kwa bibi, kanga na gauni zuri. Itafika siku ya sherehe chuoni au kazini, kila mtu atavaa vya kwao, na aliyekuja na suti peke yake ataonekana kama mtu asiyekuwa na kwao. Kanga haina uzito, nayo ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni mto wa kichwa katika ndege.

Juu ya uzito: mashirika mengi ya ndege huweka kilo 23 kwa kila sanduku, lakini yako yaliyo na mpango wao mwingine, basi someni tikiti. Msipime kwa kuinua na kukisia. Mizani ya kupimia mahindi ipo katika kila duka la hapa, na mwenye duka hatakataa kuwapimia. Ni afadhali kutoa kitu mbele ya ndugu zako Magoma kuliko kufungua sanduku lako mbele ya watu wote uwanjani.

JAMBO LA TATU: VYAKULA

Katika jambo hili wazazi wetu husema kwa upendo, na forodha husema kwa sheria. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri atokaye katika nchi kama yetu kuingiza nyama wala maziwa, ikiwa mabichi, ya kukausha, au ya kupikwa. Sababu yao ni maradhi ya wanyama, na sisi tulio na ng'ombe twaweza kuifahamu. Mbegu, miche, na matunda mabichi pia yana masharti yake, na mengi hayapiti bila cheti cha watu wa kilimo.

Majani ya chai ya Usambara, kahawa iliyokaangwa, iliki na mdalasini wa Amani uliokauka, hivi kwa kawaida havileti taabu, na harufu yake yatosha kuifanya nyumba ya ugeni iwe nyumba yako. Lakini kila nchi ina orodha yake, nayo husomwa kabla ya safari. Unga wa mahindi hauna haja ya kuubeba kilo kumi kama tulivyofanya sisi. Katika miji mikubwa ya Uingereza yako maduka ya Wahindi na ya Waafrika yauzayo unga. Nafasi ya unga ingetosha kitabu na jozi ya viatu.

Ukiulizwa forodhani, sema kweli. Sisi tuliulizwa kama tuna nyama, tukasema ndiyo, ikatupwa mbele ya macho yetu katika pipa, na tukaruhusiwa kupita. Lau tungeficha, mambo yangekuwa mengine. Habari ya nyama hiyo haijakwisha, nasi tutairudia.

JAMBO LA NNE: DAWA, VYOMBO, NA MZIGO WA MTU MWINGINE

Mwenye maradhi ya siku zote, kama presha au kisukari, achukue dawa za mwezi mmoja au zaidi zikiwa katika makasha yake ya asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa na jina la mgonjwa. Asizimimine katika chupa isiyo na maandishi. Dawa kali za kutuliza maumivu, ambazo hapa wengine huzinunua bila ya kuulizwa, zimewekewa masharti makali katika nchi kadhaa za Ghuba, na mtu aweza kufungwa kwa vidonge alivyovichukua kwa ajili ya mgongo. Mirungi ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 2014, na hapa kwetu nayo ni haramu kwa sheria. Asiijaribu mtu.

Vyombo vya umeme: soketi za Uingereza ni za pini tatu bapa kama zetu. Ujerumani ni pini mbili za mviringo, kwa hiyo mwalimu wetu ahitaji adapta. Marekani umeme wao ni wa volti 120, na wetu ni 230, basi pasi ya nguo ya hapa haitapata moto wa kutosha kule. Betri ya akiba ya kuchajia simu hutiwa katika mkoba wa mkononi, kamwe haitiwi sandukuni, kwa kuwa yaweza kushika moto. Mafuta na maji ya namna yoyote katika mkoba, kwa viwanja vingi, yasizidi mililita 100 kwa kila chupa.

Yasemwa pia kwamba mwenye kuchukua fedha taslimu zifikazo dola 10,000 hana budi kuzitangaza forodhani. Twaitaja sheria hiyo ili maneno yetu yawe kamili, ingawa sisi makarani hatumo katika hatari hiyo.

Sasa neno zito. Usichukue mzigo wa mtu mwingine usioujua, hata kama ni wa rafiki, hata kama ni kijibahasha, hata kama machozi yamemtoka. Mwaka 2013 barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa kubeba madawa ya kulevya zilisomwa sana nchini, nazo ziliwasihi wenzao wasifuate njia hiyo. Sanduku lako lifunge mwenyewe, ulifunge kufuli mwenyewe, na ukiulizwa nani amelifunga, uweze kujibu bila ya kumeza mate. Kumkatalia jirani ni jambo gumu katika desturi yetu. Lakini jirani akikasirika atapoa. Hukumu ya miaka ishirini haipoi.

JAMBO LA TANO: BINTI AENDAYE MASKATI

Mabwana na mabibi, maneno tuliyoyasema mpaka sasa yamefaa zaidi kwa watu wawili wa kwanza. Wao wana barua za vyuo, na kesho wakipatwa na shida watamwandikia mkuu wao. Huyu wa tatu hana meza wala muhuri. Yeye ndiye mwenye haja kubwa ya maneno yetu, na si desturi yetu kumwita katika mikutano.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi katika waliohojiwa walisema ya kuwa pasi zao zilichukuliwa na waajiri, na wengi walieleza kazi ya saa nyingi kupita kiasi, bila ya siku ya mapumziko. Wako waliorudi na nyumba za matofali, na wako waliorudi na maradhi. Wako wasemao, Basi asiende. Sisi hatuna mamlaka ya kumkataza mtu riziki yake, hasa sisi ambao mwisho wa mwezi twapata mshahara. Lakini hatuna ruhusa ya kumwacha aende mikono mitupu.

Apitie afisi ya serikali ya huduma za ajira, asipitie mtu wa sokoni asiye na afisi. Apate mkataba ulio katika lugha aisomayo, na kama hausomi vema, mmoja wetu makarani akae naye jioni moja amsomee neno kwa neno: mshahara kiasi gani, siku gani ya kupumzika, nani hulipa nauli ya kurudi. Ni kazi ya saa moja, na haifai kuitoza hata senti. Kivuli cha mkataba na cha pasi kibaki kwa baba yake, na kingine kwa katibu wa chama hiki, kama wanachama watakubali. Namba ya ubalozi wetu Maskati aihifadhi kichwani kama aihifadhivyo sala, kwa kuwa karatasi yaweza kuchukuliwa, na simu yaweza kuchukuliwa, lakini kichwa hakichukuliwi.

Nguo zake ziwe za pamba, ndefu na pana, maana joto la kule katika miezi ya kiangazi hupita digrii 40. Na sweta moja, kwa kuwa ndani ya nyumba hupulizwa baridi ya mashine. Awe na fedha kidogo isiyotumika kwa jambo lolote ila dharura. Na apatane na mama yake siku ya juma ya kupigiana simu, na neno moja la kawaida kabisa, kama vile kuuliza habari ya mbuzi fulani, ambalo likitamkwa nyumbani watajua kuwa mambo si mema, hata kama mwajiri amesimama karibu akisikiliza.

Mambo hayo yote hayafiki kilo moja. Lakini twaona ndiyo mzigo mzito kuliko yote tuliyoyataja.

JAMBO LA SITA: KINACHOBAKI NYUMBANI

Nusu ya matayarisho ni ya vitu visivyosafiri. Lipa madeni, au yaandike na kumwachia mtu. Andika nani atapokea mshahara, nani atalipa ada za watoto, shamba analima nani na mavuno yatagawanywaje. Wape watu habari ya siku ya kurudi, na usiwaahidi zawadi ambazo posho haiwezi kuzinunua. Wengi wetu huvunjika moyo ugenini kwa sababu ya orodha ya simu na viatu tulivyoahidi siku ya kuaga, na baridi haina kosa lolote.

NENO LA KUMALIZIA

Tuliahidi kuirudia habari ya nyama. Usiku ule wa kwanza, tukiwa sakafuni kwa ndugu yetu wa Muheza, mama alipiga simu. Hakuuliza habari ya sanduku, maana hakujua. Aliuliza, "Nyama imefika?" Tukamjibu, "Imefika, mama. Tumeila. Tamu sana." Tulisema hivyo kwa sababu alikuwa amekaa siku mbili jikoni katika moshi akiigeuza, naye macho yake hayapendi moshi. Kwa muda wa miezi tisa aliuliza mara nyingine mbili tatu, nasi tukajibu vile vile. Tuliporudi hatukulitaja tena, na tukadhani limekwisha.

Mwezi uliopita alisikia kwamba karani mwenzetu aenda Uskoti. Akaanza kuulizia bei ya nyama. Akasema, "Mama yake amekwisha kufa, basi nitamkaushia mimi, kama niliyokukaushia wewe, iliyokufaa." Ndipo tulipoona kwamba uwongo wetu wa miaka minane umepata mguu na wataka kutembea. Tukaketi naye tukamweleza kweli: pipa, forodha, sheria, yote.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Siku mbili nilikaa jikoni." Hatukuwa na la kujibu. Akanyamaza tena, akasema, "Basi kawaambie wenzako, ili mama zao wasikae jikoni bure." Siku ya pili yake alikwenda dukani akanunua kanga, akaikunja, akatupa tumpelekee msafiri. Tunayo hapa, na baada ya mkutano tutamkabidhi mwenyewe.

Hiyo, Bwana Rais, ndiyo sababu ya maneno yetu ya leo. Hatukuja kwa kuwa tunajua sana. Tumekuja kwa kuwa tulikosea, na mzee wetu ametuamuru tuwaambie. Kwa mwenzetu wa Uskoti, kwa mwalimu, na zaidi kwa binti yetu wa Maskati, twasema: nendeni salama, andikeni barua, semeni kweli hata kama yaliyowapata si mazuri, na mrudi mtusimulie.